Petroli Iliyongoja Jumatano

Nimerudi nyumbani, na kila nikipita kijiweni pale Majengo mnaniita nikae niwasimulie. Nikikaa, kabla sijafungua mdomo mmeshasimulia wenyewe. Mmoja anasema niliuza petroli ya tajiri kule Mpui. Mwingine anasema nilimmwagia mtu mafuta akaungua. Juzi nimesikia eti nilikamatwa Tunduma nikitaka kuvuka mpaka na tanki zima. Nimechoka kukanusha moja moja. Nimeamua kuandika safari yote, tangu kupakia Dar mpaka nilipokabidhi funguo hapa Sumbawanga. Habari za vibali na mizani naziruka, hazimfai mtu. Mkimaliza kusoma mtajua la kuniuliza na la kuninyamazia.

Dar es Salaam, kupakia

Foleni nje ya bohari ya mafuta, Kigamboni, ilikuwa ya kutisha. Madereva walikuwa wamefunga vyandarua chini ya matela, wanafua, wanaanika nguo kwenye vioo vya pembeni, wanaishi pale kama wamehamia. Meli imechelewa, tuliambiwa. Wengine walisema imefika inasubiri nafasi ya kushusha, wengine walisema huko mbali kuna vita na meli zinazungushwa njia ndefu. Sisi dunia tunaijua hivyo. Nchi ambazo hatutazikanyaga maisha yetu zikigombana, sisi tunalala juani Kigamboni.

Mama aliyekuwa anatuuzia chakula alipunguza sahani kila siku. Kwanza maharage yalipungua, kisha kachumbari ikapotea, kisha wali wenyewe ukawa wa kuhesabu punje. Nilipomlalamikia alisimama na upawa mkononi, akanitazama mimi, akalitazama lori langu.

"Bodaboda anayeniletea mchele kapandisha. Ukimuuliza anasema mafuta. Sasa wewe unayeyabeba unaniuliza mimi?"

Watu walicheka. Mimi nilikula.

Jirani yangu kwenye foleni alikuwa dereva mmoja wa Tanga, mtu wa maneno mengi. Alikuwa na hakika kwamba kazi yetu inakufa. "Hapa mjini magari yanajaza gesi siku hizi. Bajaji za umeme zipo, umeziona. Bado miaka michache tu, hilo tanki lako utabebea maziwa."

"Sumbawanga nani anajaza gesi?"

"Nyie mtafikiwa mwisho."

"Mwisho kupata gesi na kwanza kukosa petroli," nilimwambia. Alicheka sana, akanigonga bega. Mimi sikuwa nimetania.

Barabara kuu mpaka Tunduma

Nilipakia, sili zikafungwa kwenye mifuniko ya juu na kwenye koki za chini, nikaondoka. Nilikuwa peke yangu, kwa kuwa tajiri, mwenye lori na kituo cha mafuta, alishawaondoa mautingo wote mafuta yalipoanza kupanda, akasema dereva mzima hahitaji yaya. Kwa hiyo mlima Kitonga niliupanda nikijisemesha mwenyewe, na Makambako nilikula viazi vya baridi nikiwa nimevaa makoti mawili. Mvua haikuwepo, barabara ilikuwa nzuri, gari lilikuwa linavuta vizuri mno. Hilo likumbukeni: gari lilikuwa zima kabisa.

Tunduma nilikuta malori ya kuvuka mpaka yamejazana mpaka huwezi kufungua mlango. Nilipaki pembeni, nikaagiza ugali na nyama ya kuchoma. Sahani ilikuwa ndiyo kwanza imewekwa mezani simu ikalia. Tajiri.

"Upo wapi, Oswald?"

"Tunduma, bosi. Nikimaliza kula nakuja."

"Usije. Ukifika Mpui gari liharibike."

Nilidhani mtandao umekata neno. "Halijaharibika, bosi. Liko vizuri."

"Najua liko vizuri. Nakwambia liharibike. Jumatano bei mpya inatangazwa, na kila mtu anajua inapanda. Inua kichwa cha gari, weka majani barabarani, mtu akikuuliza mwambie unasubiri spea."

"Lakini bosi, nasikia mjini vituo vimekauka."

"Vimekauka, changu pia. Unafikiri sioni? Mwezi ule bei iliposhuka nikiwa nimejaza matanki, nani alikuja kunifidia? Nilipiga kelele peke yangu. Sasa na mimi acha nipumue."

Sitawadanganya, hapo alikuwa na hoja. Mwezi ule alilia kweli, na mishahara yetu ilichelewa. Bei ile inampiga kila mtu, tofauti ni kwamba yeye ana pa kujikingia. Nilimjibu "sawa bosi," nikarudi kwenye sahani yangu. Nyama ilikuwa imeshapoa.

Mpui, Jumapili

Nilifika Mpui, kijiji cha njiani kabla ya Sumbawanga, watu wakitoka misa. Nilichagua mahali kabla nyumba hazijaanza, nikasogea pembeni ya lami, nikavunja matawi nikayatandaza nyuma na mbele ya gari. Kisha nikainua kichwa cha lori kikainama mbele, injini yote ikawa nje kwa kila anayepita. Upepo wa Ufipa mnaujua miezi ya baridi. Nilijikunyata kwenye tairi nikajifanya nasubiri simu.

Hata sikukaa sana. Mama mmoja mwenye kitenge cha parokia, rozari bado mkononi, alikuja na mumewe mzee aliyevaa koti refu. Niliwaamkia. Waliitikia, wakaniuliza kwetu wapi. Niliposema Mwazye, mama yule alibadilika kabisa, akaanza kuniongelesha Kifipa kama tunafahamiana.

"Mtoto wa Mwazye hawezi kulala njaa Mpui," alisema. Jina lake Leokadia. Mumewe, mzee Kizito, ndiye fundi wa mashine za kusaga pale kijijini, na yeye hakuwa na muda wa salamu ndefu. Alishalizunguka gari mara moja, akavua koti.

"Limefanya nini?"

"Limezima tu, mzee. Nasubiri spea kutoka mjini."

"Spea ya nini?"

"Hata sijajua. Fundi wa tajiri ndiye anayejua."

"Basi ngoja tutazame. Huwezi kukaa barabarani na petroli yote hii."

Nilimwambia asijisumbue. Alinijibu kwamba si usumbufu, akalala chali kwenye vumbi na nguo zake za misa, akaingia chini. Alikaa huko mchana wote. Alifungua vichujio, akapuliza mipira, akafunga. Kila akitoka alikuwa ananiomba radhi: "Bado sijaliona tatizo, mwanangu. Macho yangu ndiyo yanaanza kunitupa." Na mimi nikawa nampa spana. Mlitaka kujua mafuta yalinifanya nini? Yalinifanya nimpe spana mzee wa watu atafute ubovu ambao haupo.

Leokadia alileta ugali wa ulezi, maharage, na samaki mkavu wa Ziwa Rukwa aliyemuunga kwa karanga. Nilitoa pochi. Aliirudisha mfukoni mwangu kwa mkono wake. "Aliyeharibikiwa njiani hauziwi chakula."

Jioni jua likiwa bado lipo, tulikaa watatu kwenye magogo. Mkokoteni wa ng'ombe ulipita umejaa magunia ya mahindi, ukiendeshwa na jirani yao Msukuma anayeitwa Masanja. Leokadia alinieleza kwamba zamani watu walikuwa wanamnunia Masanja, kwa sababu ya ng'ombe wake na mashamba. Tangu pikapu zikose mafuta wanampigia simu usiku na mchana.

Masanja alisimamisha ng'ombe, akaliangalia lori langu. "Mwenzetu umekwama? Hawa wangu hawajui hata Jumatano ni siku gani," alisema, akawachapa, akaenda zake akicheka. Nilishtuka. Nilidhani ameshanijua. Kumbe kila mtu pale alikuwa anaisubiri Jumatano, hata yeye.

Mzee Kizito alikuwa anafuta mikono kwa matambara. Aliniuliza swali ambalo naona alikuwa amelibeba muda mrefu.

"Wewe unayekwenda Dar. Haya mafuta yataisha kweli? Nimenunua mashine ya dizeli nikiwa kijana. Leo bei ikipanda nazima, ikishuka nawasha. Watu wanaleta mahindi wanayarudisha. Nataka kujua tu, ninunue mota ya umeme au nivumilie?"

"Wengine wanasema yataisha, mzee. Wengine wanasema yapo mengi, ila magari yatabadilika."

"Yakianza kuisha hawatatutangazia," alisema. "Sisi huku tutajua kwa kuona hayaji."

Tanki lilikuwa nyuma ya mgongo wake, limejaa mpaka juu.

Mpui, Jumatatu na Jumanne

Binti yao, Dafroza, nilimwona Jumatatu. Ana meza yake kando ya barabara, ndiyo anayouzia petroli ya chupa: chupa za maji zimepangwa, na mpira wa kumiminia. Bodaboda wa Mpui wote wanamtegemea, maana kituo cha karibu kiko mbali. Siku hiyo meza ilikuwa tupu. Alikuja moja kwa moja kwenye lori na dumu mkononi, akiwa amejifunga mtandio kichwani kwa sababu ya upepo.

"Kaka Oswald, mama amenieleza habari zako. Naomba dumu moja tu. Nitakulipa bei ya kituo, na yako juu."

"Dada, siwezi. Kuna sili. Ikikatika moja, mimi ndiye mwizi."

"Sikuombi ya bure."

"Hata ya kulipia. Si yangu."

Alilitazama tanki kwa urefu wake wote, kutoka mbele mpaka nyuma. Hakunitukana. Aliniambia kwamba wale vijana wa bodaboda hawana kazi nyingine, na kwamba yeye mwenyewe ana mtoto anayesoma bweni. Kisha akasema atatafuta kwingine, akaondoka na dumu lake. Nilijiona nimefanya haki. Nilikuwa nalinda mzigo wa watu, sivyo?

Alipata kwingine. Jumanne asubuhi mtu mmoja mwenye gari dogo, aliyetokea upande wa mpakani, alimuuzia madumu mawili mabovu, yamezibwa vifuniko kwa mifuko ya nailoni. Habari zilienea dakika hiyo hiyo. Vijana walijaa kwenye meza yake wakigombana nani aanze, mmoja akamvuta dumu mkononi. Dafroza aliogopa kunyang'anywa. Alibeba madumu yote mawili akayaingiza jikoni kwa mama yake, nyumba ile ndogo ya nyuma, akafunga mlango ajaze chupa kwa utulivu. Mafiga yalikuwa na makaa chini ya majivu. Leokadia alikuwa amebandika maharage asubuhi akayaacha yaive polepole. Yalikuwa maharage yangu, ya chakula changu cha mchana.

Mimi nilisikia mlio kama mtu amefunga mlango kwa nguvu, halafu makelele. Nilipoangalia, bati la jiko lilikuwa linatoa moshi mweusi.

Masanja, aliyekuwa anapita na mkokoteni wake, ndiye aliyevunja mlango. Walimzima Dafroza moto kwa blanketi lililoloweshwa. Walimleta barabarani kwenye mkokoteni ule ule wa mahindi, amelazwa juu ya magunia matupu, amefunikwa shuka. Miguu na mikono ndiyo iliyokuwa imeungua zaidi. Alikuwa macho. Hilo lilikuwa baya kuliko yote, alikuwa macho na anatuona. Jirani mmoja alikuja mbio na dawa ya meno ampake, Leokadia akamsukuma mbali.

Kulikuwa na Noah moja kijijini, ya mwalimu. Mwalimu aliifungua mlango, akasimama. "Tanki ni tupu," alisema. "Tangu Alhamisi." Bodaboda zilikuwa nyingi, lakini mtu aliyeungua hivyo utamkalishaje juu ya pikipiki?

Ndipo wote walipogeuka kunitazama mimi.

"Fungua koki, baba," mtu alisema. "Lita chache tu za Noah."

"Kaka, fungua. Tutashuhudia wote."

Nilisimama pale na funguo za gari mfukoni. Waliniona nasita, wakadhani nasitia sili. Sikuwa nasitia sili. Sikuhitaji kukata sili yoyote, na hilo nilikuwa nalijua mimi peke yangu. Nilihitaji kushusha kichwa cha lori na kuwasha. Mzee Kizito alikuwa amesimama karibu yangu kabisa, mikono yake bado ina grisi ya gari langu. Namwandikia kila mtu anayesoma hapa: sijawahi kuona kazi ngumu kama ile ya kusema maneno mawili.

"Mleteni huku," nilisema.

"Wapi?"

"Kwenye lori. Kuna kitanda nyuma ya viti."

"Lori si bovu?" aliuliza mwalimu.

"Si bovu."

Nilishusha kichwa, nikakifunga. Nilipiga teke matawi yale kutoka barabarani, moja baada ya jingine, watu wakinitazama. Nilipowasha, injini iliitika mara moja, safi, bila hata kukohoa. Mzee Kizito aliangalia mikono yake, akaipangusa kwenye suruali, akasaidia kumpandisha binti yake. Hakuniangalia.

Mpui hadi Sumbawanga

Leokadia alikaa kwenye kiti cha pembeni, amegeuka nyuma, ameshika shuka isimguse mwanawe kwenye vidonda. Tulikuwa tumeshatoka kijijini aliponiuliza, bila kupandisha sauti:

"Lilikuwa zima tangu Jumapili?"

"Ndiyo, mama."

Hakuniongelesha tena. Lakini alikuwa anamsemesha Dafroza kwa Kifipa, na Kifipa nakisikia. Kila kwenye kona, kila gari likitikisika na binti akilia, alikuwa anamwambia jambo lile lile: "Usiogope, mwanangu. Tutafika. Gari ni zima." Alilirudia njia nzima. Sijui kama alikuwa anamfariji mwanawe au ananiambia mimi.

Tulipoingia mjini watu waliliona tanki. Nyinyi wengine mlikuwepo, mnajua. Walitoka madukani na madumu, wakapiga miluzi, vijana wakakimbia nyuma yangu wakiimba mafuta yamefika. Nilipiga honi wapishe, nao wakadhani nawasalimia.

Hospitalini mlinzi alikataa kufungua geti. Alikuwa na haki, nani anaingiza petroli kwenye wodi? Nilisimama nje nikiwa sijui la kufanya. Kijana mmoja alikuwa anasukuma bajaji yake kwa mikono kuelekea kwenye foleni ya kituo, jasho linamtoka kwenye baridi ile. Aliuliza kuna nini. Alipomwona Dafroza alisema, "Imebaki kidogo nilikuwa naitunza ya kesho. Mpakieni." Aliiwasha, akampeleka mpaka mlangoni na mama yake. Alipotoka ilizima getini. Nilimpa hela akakataa, akaendelea kusukuma.

Sumbawanga

Tajiri alifika kabla sijaondoka pale. Aliwakuta watu wamelizunguka lori. Alitabasamu, akawaambia kwa sauti, "Jamani, gari limepona! Mzigo lazima upimwe kwanza. Kesho mtapata." Walimpigia makofi. Mimi nilikuwa nimesimama hapo hapo, na kinywa changu hakikufunguka. Siku hiyo nilikuwa nimeshasema ukweli mara moja, nadhani ndio uliokuwa wote.

Lori lililala uani kwake limefungiwa. Jumatano bei ikatangazwa, imepanda kama alivyosema. Ile kesho aliyoahidi ikawa Alhamisi; asubuhi nikashusha mzigo. Sili zote zilikuwa nzima, hakuna tone lililopungua, na wanaosema niliuza nawaomba wakaangalie kipimo cha matanki yake. Foleni ilizunguka mtaa mzima. Watu walilipa bei mpya kwa petroli iliyofika Mpui tangu Jumapili, wakanishukuru kwa kuileta.

Nilipomaliza aliniita ofisini, akanyoosha mkono. Nilidhani ananisalimia. Alikuwa anataka funguo.

"Mimi si mtu mbaya, Oswald. Bili ya yule dada nitachangia. Lakini dereva anayejiamulia gari lipone lini, mimi siwezi kumpa mzigo wangu."

Niliweka funguo mezani.

Ijumaa nilikwenda hospitali. Daktari alisema ataishi, ila vidole vya mkono wa kulia haijulikani kama vitapona. Leokadia alikuwa amekaa kwenye benchi la nje. Nilimwamkia, akaitikia kwa adabu, kama unavyomwitikia mtu usiyemfahamu, akanionyesha mlango wa wodi kwa kidevu.

Dafroza alikuwa amefungwa bandeji mpaka mabegani. Nilisimama miguuni kwake. Nilikuwa nimejiandalia maneno mengi. Yeye ndiye aliyeanza.

"Bei imetoka?"

"Imetoka."

"Imepanda?"

"Imepanda, dada."

Alifumba macho.

"Basi mmepata," alisema, akageuza uso ukutani.